Bwana harusi aliyesinzia kwenye nikaha

Shadya! Acha unachofanya usome hii. Shangazi katupasulia leo siri ya ndoa ya baba na mama. Baba mwenyewe katoka nje kwa aibu 😂

Mwaka themanini na saba. Fadhil, yaani baba, katua kutoka masomoni Kanada siku moja kabla ya nikaha, na sanduku zima la sabuni, maana Tanga zilikuwa bado za kutafuta. Usiku kucha hakupata hata lepe la usingizi. Kule Kanada ulikuwa mchana, na mwili wake ulikuwa haujajua kama umehama.

Saa kumi jioni, nyumbani mtaa wa Makorora, watu wamejaa. Kule sasa ni alfajiri. Sheikh anauliza, "Fadhil, umekubali?"

Kimya.

Anauliza tena. KIMYA! Mzee Mjaka, babake bibi harusi, akaanza kuvaa viatu, akidhani bintiye kakataliwa mbele za watu.

Shahidi akamfinya Fadhil. Akafumbua macho: "Tumefika Nairobi?"

Wallahi ndivyo alivyosema! Tumefika Nairobi!

Mzee Mjaka akafoka, "Huyu anaoa au anabadilisha ndege?"

Mama akapaza sauti kutoka chumbani: "Baba, mwacheni alale. Nimemngoja miaka minne, saa mbili zitanishinda?"

Basi akalazwa mkekani na joho lake, wageni wakanywa kahawa mpaka Magharibi ikaswaliwa. Alipoamka akanawa uso, akaketi mbele ya sheikh, akasema "nimekubali" mara tatu kabla hajaulizwa.