Chemchemi Chini ya Lundo

Kara-Jar, 2 Aprili 1996

Mwanangu Gulzat,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila goti linanung'unika kuliko mwenyewe. U hali gani huko Oshi? Unakula, au unashindia chai na kupima udongo wa watu?

Tangu mama yako atutoke nyumba imekuwa kubwa mno. Naweka vikombe viwili, kisha narudisha kimoja. Lakini nina habari njema. Chini ya lile lundo la kifusi cha mgodi imechipuka chemchemi, na mvua hatujaiona! Wanawake wamefunga vitambaa kichakani, wanasema ni baraka ya mama yako, marehemu Batma. Nimeijengea ukuta wa saruji maji yasipotee. Kila asubuhi nakaa pale naongea naye. Usinicheke.

Njoo basi. Hata mazikoni ulifika tumeshafukia, ukasingizia basi. Wewe hata kuzaliwa ulichelewa.

Baba yako,
Sagynbek

Oshi, 11 Aprili

Baba yangu mpenzi,

Asalamu alaikum. Mimi sijambo, ninakula. Goti lipake mafuta ya kondoo.

Sikucheki, naogopa. Hiyo si chemchemi, ni lundo linavuja. Theluji inayeyuka na kuingia humo. Maji yakijaa kati ya mawe, mawe hayashikani tena, na lundo zima huteleza. Ukuta wako umeyazibia njia ya kutokea. Uvunje leo. Kisha panda juu, kwenye yale mabomba ya kupimia maji tuliyochimbia mgodi ulipofungwa, uteremshe uzi wenye jiwe. Ukigusa maji karibu na mdomo wa bomba, watoe watu wote bondeni.

Wakubwa wangu wanasema hawana mafuta ya gari mpaka mwezi ujao. Nimegonga meza, wakanimiminia chai.

Najua ninachokuomba uvunje. Nisamehe baba.

Binti yako,
Gulzat

Kara-Jar, 19 Aprili

Mwanangu,

Salamu. Goti halijambo. Uzi umegusa maji kiganja kimoja tu chini ya mdomo, na juu ya lundo kuna ufa unaomeza mguu. Ukuta nimeuvunja. Wallahi, niliona kama nabomoa kaburi.

Majirani wamenuna. Kalnur akanifokea, "Mke umemzika, sasa unafukuza na baraka zake?" Nikamwambia lundo litaanguka. "Lundo hilo limekaa miaka mingi kuliko meno yako!" Nikamjibu, "Na meno yangu yako wapi?" Wakacheka sana. Hakuhama hata mmoja.

Lakini dawa yao nimeipata. Hitima ya mwaka ya mama yako naifanya kabla ya wakati wake, tena juu malishoni. Nachinja farasi jike. Nani huku anakataa hitima? Watapanda na watoto na mbwa, walale mahemani mpaka nyama iishe. Tunaanza Jumatano, na bondeni hatabaki mtu. Fungu lako nitakuwekea. Usichelewe.

Baba yako

Oshi, 22 Aprili

Baba,

Asalamu alaikum. Nimecheka, kisha nimelia. Gari lao silisubiri tena. Barua hii nampa dereva Toktosun, anaondoka na lori leo kuja huko. Mimi nitakuja na basi la Alhamisi, nishuke darajani asubuhi. Nitapanda lundo kwanza nipime mwenyewe, nijue watu warudi lini, kisha nije kwenu. Usiogope, najua pa kukanyaga.

Kwenye fungu langu niwekee mafuta ya shingo ya farasi. Safari hii sichelewi.

Binti yako

Malishoni, 27 Aprili

Mwanangu Gulzat,

Salamu. Huku wote wazima, hata mbwa. Alhamisi mchana tulikuwa tunakula lundo liliposhuka. Ardhi ilinguruma, tukasimama na mabakuli mikononi. Nyumba zote zimefunikwa, na yetu. Kalnur alinikumbatia akilia. Wakanishukuru, nikawaambia mshukuruni binti yangu.

Lori la Toktosun liliharibika njiani. Barua yako nimeipata leo. Nimeisoma, kisha nikampa Kalnur anisomee, nikidhani macho yangu yamekosea. Naye akasoma vilevile.

Wanaume wako chini na makoleo tangu hapo. Mimi wamenizuia. Kwa hiyo nakuandikia, na barua naipeleka Oshi, chumbani kwako, kwa sababu huko ndiko uliko. Bakuli lako nimelifunika, hakuna aliyeligusa.

Mabasi yenu huchelewa, ulisema mwenyewe. Nawe ni wa kuchelewa, mama yako ni shahidi. Safari hii moja tu, mwanangu, uwe umechelewa.

Baba yako