Mama Ameandikwa Nyarugusu

Kabula mdogo wangu,

Pole na mvua, na pole na majiko yote mawili hapo machimboni, lako na la Mama. Mwonyeshe mwanangu Neema huyu twiga wa kwenye kadi, umwambie mama yake hajamsahau.

Macho ya Mama kuwa manjano siyo ini kama tulivyoambiwa huko. Hapa Shinyanga wamesema ni saratani ya mfuko wa nyongo, na tumechelewa. Michembe yako, viazi vile ulivyomkaushia, alitafuna kipande kimoja tu, akatapika.

Leo wodini daktari kamuuliza anaishi wapi. Akajibu Masumbwe, kama sote tunavyojibu. Nikamkatiza, "Mama, miaka kumi na minne unawapikia wachimbaji Nyarugusu!"

Akafoka, "Kwani nitazikwa machimboni?"

"Hajauliza utazikwa wapi, Mama. Kauliza unaishi wapi."

Daktari akasema hajui chanzo cha saratani hii, ila kila mtu akiandikisha kijiji cha kwao, haitajulikana ugonjwa huu umezidi wapi. Kitanda cha pili, mama mmoja muuza vitumbua akainua mkono. "Basi na mimi nifutie Kahama. Niandike Nyarugusu."

Kesho Mama anawekewa mrija wa kupitisha nyongo. Naamini atakula tena. Lakini wewe, hayo maumivu ya chini ya mbavu za kulia, acha kuyanywea dawa za vidonda vya tumbo. Zima majiko, mbebe Neema, njoo upimwe. Na wakikuuliza unaishi wapi, usitaje Masumbwe.

Nakuhitaji mzima,
dada yako, Mama Neema