Shosho Tryphena Alivyoombwa Atase

Ndulu, acha chochote unafanya. Huyu shosho yetu mpole wa Mbololo, kumbe ni moto! Auntie Mable ametuambia saa hii, bado nashika mbavu.

Ni 1967. Bunge inajadili sheria mpya ya wageni, kila jioni redio ni hiyo tu. Shosho ni Mpare, amezaliwa ng'ambo ya mpaka, na bwanake ameshakufa. Shemeji yake Donald anataka shamba. Si akasimama kwa baraza ya chifu!

"Bunge imesema wageni warudi kwao. Huyu mama arudi Upare, shamba ibaki."

Mgeni! Mama ya watoto watano wa hiyo boma!

Chifu akamwambia sheria hata haijapita. Watu wakacheka. Shosho hakucheka.

Kisha binti ya Donald akapata mchumba. Na unajua wazee wetu wa Kidawida huku Taita, harusi haiendi kama mtu wa boma ana kinyongo. Lazima atase: aweke maji mdomoni, ayateme pwaa, aseme hasira imetoka.

Wakwe wamejaa uwanjani, mbuzi za mahari zimefungwa mtini. Donald amepiga magoti na kibuyu.

"Shemeji, nakuomba. Tasa."

Shosho akajaza mdomo. Watu wote wameinamisha kichwa.

Akameza.

Ndulu, AKAMEZA! Akapangusa midomo polepole.

"Nirudishe Upare kwanza, Donald. Nitatema nikifika kwetu."

Wakwe wakaanza kufungua mbuzi zao.