Pilau Ilikuwa Imeiva

Shoga yangu Salma,

Barua zetu za zamani, zile tulizokuwa tukiwaandikia watu wa Unguja, zilianza kwa kusema sisi wazima, hofu na mashaka ni juu yenu. Leo nimeshindwa kuanza hivyo. Wewe umeshapumzika, huna la kuhofiwa. Hofu yote umetuachia huku ughaibuni, Edmonton, na fungu kubwa nimepewa mimi.

Ni Jumapili, saa nne za asubuhi. Nimekaa kwenye meza ya jikoni kwangu, nimeshavaa, baibui liko begani mwa kiti. Mkutano ni baada ya adhuhuri. Naandika kwa sababu mikono haijui la kufanya. Miaka yote asubuhi ya mkutano wa wajumbe mikono hii ilikuwa ikichambua mchele. Leo sipiki. Leo mimi ni mjumbe.

Usicheke, Salma. Kiti chako kilikaa kitupu mpaka arubaini yako, kama desturi. Baada ya hitima watu wa Edmonton wakaangaliana, kisha wakaniangalia mimi na beseni langu la vyombo. Wakasema, Bi Zuhura hana upande. Hawajui kwamba mpishi asiye na upande ndiye aliyekaa akiziona pande zote, na sinia ni duara.

Na wamenipeleka kwenye nini? Kwenda kuamua kama ule mfumo wako uendelee au ufutwe.

Wiki hizi nimewaeleza vijana mara nyingi mno hata nimekuwa kama kanda iliyorekodiwa. Chama chetu cha maziko kina mitaa mitatu: Kingsbury, Edmonton na Ilford. Kila mtaa unatoa wajumbe watatu. Wajumbe tisa wanajifungia kwenye ukumbi, wanakula sinia moja, na baada ya kunawa ndipo wanamchagua mwenyekiti. Asiyekula hapigi kura. Wewe uliyaandika hayo kwa mkono wako, nyuma ya ratiba ya usafi ya hospitali, tukiwa tumevaa bado zile aproni za buluu.

Wakati ule mitaa ilikuwa inalingana. Sasa Ilford wamejaa, Mungu awabariki, kila mwezi mtoto na kila mwaka harusi. Kingsbury wamebaki wazee ishirini na watatu na duka la Mhindi wa Mombasa tunakonunua bizari. Lakini wajumbe ni watatu kwa watatu. Kwa hiyo Ilford wanasema kura ya mjane wao haifikii hata ukucha wa kura ya mzee wa Kingsbury. Wanataka kila mwanachama apige kura yake mwenyewe, kwa simu, akiwa kwake kwenye kochi.

Na anayewaongoza ni Raya. Ndiyo, binti yako Raya, aliyehamia Ilford. Yule mtoto aliyekuwa akilala juu ya magunia ya mchele nyuma ya jiko.

Alikuja hapa Jumatano. Mwanasheria mzima, viatu mkononi kwa sababu anajua zulia langu. Akasema kwa Kiingereza chake cha mahakamani: "Anti, watu tisa kwenye chumba kilichofungwa, hakuna anayejua wanafanya nini humo. Hata Wamarekani wanagombana kila siku juu ya wajumbe wao." Nikamwambia Wamarekani hawali sinia moja. Hakucheka. Akaniuliza: "Nitajie sababu moja ya kuuweka, isiyokuwa kwamba Mama ndiye aliyeutunga."

Nilikuwa nayo, Salma, lakini nikamwongezea chai tu. Ningemwambia nini? Kwamba mama yako na mimi tulikuwa wasichana kwetu, tukaona uchaguzi ambao upande mmoja ulipata kura nyingi na upande wa pili ukapata viti vingi? Kwamba waliopata viti walidhani mambo yamekwisha, na Januari ikaja na mapinduzi yake, ikatuonyesha yalikuwa hayajaanza? Baba yako wewe, Salma, alikimbia na shati moja. Ami yangu alishangilia barabarani, na baada ya miaka michache naye akakimbia, na shati moja vilevile. Ndipo tulipokutana hapa, wewe wa upande ule na mimi wa upande huu, tunasukuma ndoo moja ya kupigia deki. Watu wetu walikuwa hawaamkiani. Ukasema neno ambalo mpaka leo nalisikia: "Zuhura, aliyeshindwa ndiye atakayebeba jeneza lako. Muachie sababu ya kuja."

Hiyo ndiyo sababu. Lakini ukiichukua upande wa pili, Raya naye ana haki. Mfumo uliotungwa ili mdogo asimezwe, sasa mdogo ndiye anayemmeza mkubwa. Kule kwetu si ndicho kilichoharibu?

Mzee Khatibu wa Kingsbury, mwenyekiti wetu wa zamani, amekwisha kutoa tamko. Wajumbe wakifutwa, Kingsbury wanatoka, na wanatoka na makaburi yao. Yale makaburi ya chama tuliyoyapata pamoja, safu moja, yeye anataka kuyagawa, kama kwamba kaburi lina magurudumu. Ilford nao wamesema wajumbe wasipofutwa wao ndio watakaotoka. Sasa nani ataniosha mimi? Siku yako, aliyekuinua kichwa alikuwa mwanamke wa Ilford, aliyemimina maji ni mke wa Khatibu, na mimi nilikuwa nakusugua vidole, vile vidole vyako vyenye alama ya kisu cha vitunguu. Hatukuulizana mtaa. Nimekuwa nikilifikiria hilo kuliko katiba.

Nimewahesabu. Ilford watatu na mmoja wa Edmonton wanataka kufuta. Kingsbury watatu na mmoja wa Edmonton wanataka kubakisha. Wanne kwa wanne. Wa tisa ndiye huyu hapa, na kalamu yake inavuja.

Na kuna ile siri.

Najua tuliapa. Ulisema, "La sufuriani halitoki jikoni." Mimi nimelitunza miaka thelathini na kitu. Lakini usiku na mchana Raya ananiuliza watu tisa wanafanya nini humo ndani, na mimi nakumbuka jikoni na kile kifuniko.

Naacha hapa. Nasikia basi langu linakuja.

*

Nimerudi. Magharibi imeingia, nimeswali, nimevua viatu, miguu imevimba kama maandazi. Ngoja nikwambie kwa utaratibu, usije ukalisikia kwa mwingine huko uliko.

Kwanza chakula. Vijana wa Ilford waliagiza biriani mkahawani, ikaja kwenye maboksi tisa, kila boksi na kijiko chake cha plastiki. Nia yao njema. Khatibu akaliangalia boksi lake kama mtu aliyeletewa barua ya kufukuzwa nyumba. Akasema, "Hatujala sinia, hatupigi kura. Twendeni zetu." Mjumbe mmoja wa Ilford akajibu, "Mzee, wali ni wali." Khatibu akainua fimbo yake. Raya, ambaye alikaa pembeni kuandika kumbukumbu, akaanza kutafuta kwenye katiba kama boksi linakubalika. Wallahi, alitafuta.

Mimi nikaingia jikoni. Sinia letu lipo, juu ya kabati, na vumbi lake. Nikaliosha. Nikakusanya yale maboksi moja moja, nikayamwaga yote katikati, na vijiko nikavitia kwenye pipa la taka. Nikasema, "Naweni." Wakanawa. Mtu akiambiwa na mpishi anawe, ananawa.

Tukakaa chini. Nimelipika lile sinia mara ngapi, Salma, na leo ndiyo mara ya kwanza kuliona kwa kulikalia. Unajua nilikuwa nikisoma kura kwenye sinia likirudi jikoni? Aliyemsogezea mwenzake nyama, hao wameshaelewana. Aliyekula mbele yake tu akachimba shimo, huyo hatoki alipo. Leo nilitazama mashimo. Yalikuwa manane.

Basi nikasema.

Niliwaambia juu ya ule mwaka Mzee Shaame wa Ilford, Mungu amrehemu, alipogombea uenyekiti na Khatibu. Aliingia na kura tano mkononi, na Khatibu alikuwa na nne. Kingsbury walikuwa wameapa kwamba Shaame akishinda hawatakanyaga tena kwenye maziko ya mtu. Mimi niliyasikia yote kupitia dirisha la jikoni. Na desturi inasema hakuna kula, hakuna kura. Basi nikazuia pilau.

Pilau ilikuwa imeiva saa saba. Kila walipoita nikasema bado. Wakakaa na njaa na maneno yao. Mwanzo walitukanana, kisha wakachoka, kisha wakaanza kuzungumza, kwa sababu mtu mwenye njaa hawezi kununa muda mrefu. Saa tisa wakakutuma wewe uje uangalie. Ukaingia, ukafunua kifuniko. Mvuke ukakupiga usoni. Ukaiona pilau imekaa inakungoja, mchele umesimama punje punje. Ukaniangalia. Ukafunika, polepole, ukatoka nje ukawaambia, "Bado mbichi."

Saa kumi Shaame mwenyewe akasema anamwachia Khatibu kiti, na Khatibu akaahidi kwamba Ilford watazika kwanza wakati wowote zamu zikigongana. Nikapakua. Khatibu akawa mwenyekiti miaka kumi na miwili.

Niliposema hayo Khatibu alikuwa na tonge mkononi. Akalirudisha kwenye sinia. Uso wake, Salma, sikuweza kuuangalia. Akasema, "Kwa hiyo mimi nilichaguliwa na sufuria." Akasimama, fimbo hiyo, akatoka.

Nilidhani paa litaanguka. Nikawaambia waliobaki yale niliyokuwa nayo moyoni. Nikasema: mnadhani tulikuwa tisa. Tulikuwa kumi, na wa kumi hakuchaguliwa na mtu. Siku ile ilikuwa heri, lakini mpishi mwingine, mwenye moyo mwingine, angefanya vilevile na isingekuwa heri. Kitu kinachosimama kwa sababu ya kifuniko cha sufuria yangu si mfumo, ni mimi. Na mimi nina miaka sabini na sita na shinikizo la damu. Raya ana haki. Mfuteni.

Ilford wakaanza kutabasamu. Nikawaambia msicheke kwanza. Kilichotuokoa siku ile hakikuwa tatu kwa tatu, ilikuwa kwamba hakuna aliyeweza kuondoka bila ya kumtazama mwenzake. Kwa hiyo kura ya simu siitaki. Simu hainawi mikono. Kila mwanachama apige kura yake, moja, sawa na ya mwingine, lakini aje ukumbini. Na kabla ya kura ale, na kila sinia likae watu wa mitaa yote mitatu. Mkikubali hilo, yangu ni ya tano. Mkikataa, nimebaki na Kingsbury.

Raya alikuwa ameacha kuandika. Ananitazama mimi, na machoni mwake nakuona wewe umeshika kile kifuniko. Nilikuwa nangoja anihukumu. Unajua yeye na mimi miaka yote ni Kiswahili kinakwenda, Kiingereza kinarudi. Akaniuliza, kwa Kiswahili: "Mama alifunua... na akafunika?"

Nikasema, alifunika.

Akaweka mkono mdomoni. Sijui alikuwa analia au anacheka, na nadhani hata yeye hakujua. Kisha akawaambia wenzake wa Ilford wakubali sharti langu. Wakakubali, kwa kuguna. Tano kwa tatu, na kiti kimoja kitupu.

Nilirudi kwenye basi nikijiona mwizi. Nimelitoa jina lako jikoni, nimemvunjia mtu mzima heshima mbele ya watoto, na Kingsbury wamepotea. Hivyo ndivyo nilivyojua.

Simu imelia muda si mrefu, nikiwa hapa na kalamu. Khatibu. Hakunisalimia. Akasema, "Miaka yote nimejiuliza juu ya ule ukoko." Nikamuuliza ukoko gani. "Pilau iliyochelewa kuiva inatoka wapi na ukoko mnene vile? Nilikula nikajua. Nikanyamaza kwa sababu nimeshapata kiti." Akavuta pumzi. "Na mimi nina sukari, Zuhura. Mngeniua."

Nikamwomba radhi. Hakusema amenisamehe. Kisha akauliza, "Sisi tuko ishirini na watatu. Hayo masinia yatakuwa mangapi?"

Nikamwambia hawatakaa pamoja, watatawanywa, mmoja mmoja na wa Ilford. Akasema, "Tutaona." Lakini ameuliza idadi, Salma. Mtu anayeondoka haulizi idadi ya masinia.

Basi shoga yangu, lala. Siri yetu imetoka na nakuomba radhi zako. Ukinilaumu, utanilaumu tukikutana, na kwa hali ya miguu hii si mbali. Raya amesema atakuja Jumamosi nimfundishe kupika kwa sufuria kubwa. Ule uchaguzi wa kwanza wa watu wote nitaupikia mimi, kwa mkono wangu. Dirisha la jikoni litakuwa wazi, nami nitayasikia yote wanayoyasema, na pengine yatakuwa mabaya.

Nakuahidi hivi: pilau ikiiva, nitapakua.

Ni mimi,
Zuhura wako