Dobi wa Darajani

Paris, 12 Desemba 1879

Dada Ilka mpenzi,

Hamjambo huko nyumbani Eger? Miguu ya Mama inaendeleaje? Mimi mzima, ila baridi ya mwaka huu imezidi. Hata mto umeganda.

Picha zangu ndogo za mitaani zimeanza kupendwa. Sasa namchora jirani yangu Honorine, dobi mjane, akivuka daraja na kikapu cha nguo. Nataka theluji ya kweli, basi kila asubuhi anasimama pale darajani. Jana alikohoa, nikamwambia avumilie kidogo. Akacheka: "Rahisi kusema, bwana, wewe una glavu."

Mdogo wako,
Lajos

Eger, 27 Desemba 1879

Lajos, mdogo wangu,

Salamu zimefika. Mama anakula vizuri, anakuulizia.

Huyo mwanamke mpe koti lako, umchoree ndani karibu na jiko. Theluji unaijua tangu utotoni. Hukuzaliwa jangwani wewe.

Dada yako,
Ilka

Paris, 30 Januari 1880

Dada,

Natumaini nyote wazima. Barua yako ilinikuta picha imekwisha na imeshanunuliwa. Honorine aliugua mapafu mkesha wa Krismasi, hakuinuka tena. Koti nilimpa, lakini akiwa kitandani. Tulimzika tarehe sita.

Ameacha binti wa miaka minne, Léontine. Yuko kwa mama yake mkubwa, ambaye naye ni dobi, ana watoto watano. Naomba nimlete kwenu.

Mdogo wako,
Lajos

Eger, 13 Februari 1880

Lajos,

Sisi wazima. Mlete. Mama anasema nyumba imekaa kimya mno.

Dada yako,
Ilka

Paris, 3 Machi 1880

Dada Ilka,

Mpe Mama salamu, na mwambie mtoto haji.

Nilikwenda kwa yule mama mkubwa kumwomba. Alikuwa anapiga pasi, hakuiweka chini.

"Siku zile mdogo wangu anakohoa pale darajani," akaniuliza, "ulimsikia?"

"Nilimsikia."

"Ukafanya nini?"

Sikuweza kumdanganya. Nikamwambia mashavu ya Honorine yalikuwa yamewiva kwa homa, nikaona wekundu ule umekaa vizuri juu ya theluji, nikaharakisha kuchora kabla haujapotea.

Akamvuta Léontine nyuma ya sketi yake. "Huyu hachorwi," akasema, akanifungulia mlango nitoke.

Mdogo wako,
Lajos