Mstari Nilioongeza

Jumatano, siku ya nne ya mwezi mchanga, mwezi wa tano

Mfalme wa Wakhmer amekufa! Wanawe wawili wameshikana makoo. Kila mwaka tunawapelekea maji ya chemchemi yetu, kwenye vikapu vilivyozibwa kwa utomvu, wakuu wao wayanywe kwa kiapo. Sasa kila mwana anayataka — bila maji hakuna kiapo, bila kiapo hakuna mfalme. Baba Mkubwa, anayetutawala, alicheka mpaka tambuu ikamtoka mdomoni. Wakhmer walitunyang'anya visima vya chumvi. Anayetaka maji avirudishe!

Alhamisi, siku ya tano

Mama kamwomba Baba Mkubwa: na Yi arudi. Dada yangu yuko kwa mwana mkubwa, dhamana ya utii wetu, mwaka wa tatu huu.

"Shemeji, tukimtaja tu watajua tunavyomtaka. Watatupandishia bei."

Mama kainuka akatoka. Nami nyuma yake, bila kumtetea. Mimi hata kuku simfukuzi kwa sauti.

Ijumaa, siku ya sita

Tangu mtawa aliyenifundisha afe, anayejua Kikhmer hapa ni mimi tu. Nimeandika barua kwa mwana mkubwa: visima vitatu kwa vikapu saba. Halafu — nakiri — nikaongeza mstari. *Pamoja na dada yangu Yi.*

Baba Mkubwa kapiga muhuri. "Mwandiko kama shanga, Am!"

Wali umenishinda. Lakini sijutii. Ajabu, sijutii kabisa.

Jumapili, mwezi mpevu

Jibu la mwana mkubwa halijafika. Mwana mdogo katuletea tembo wawili, naye anataka maji. Baba Mkubwa kawapokea. "Tembo hawana upande." Ukumbi mzima hoi kwa kicheko.

Jumanne, siku ya pili ya mwezi unaopungua

Mjumbe wa mwana mkubwa amefika! Nikapewa barua niwasomee kwa lugha yetu. *Visima vitatu ni vyenu* — vigelegele, ngoma, mzee mmoja kavua kilemba akakirusha.

"Endelea," akasema Baba Mkubwa.

Chini yake, kabla sijatamka, nikaona: *Yule dada mliyemtaka nimemleta hadi ng'ambo ya mto. Atavuka mkinipa maji yote, na ndugu yangu asipate hata tone.*

Bei imepanda. Baba Mkubwa alionya. Na tembo wa mwana mdogo wanakula migomba yetu!

Nimesingizia wino umefifia, nikatoka barazani kwenye mwanga. Naandika haraka. Ng'ambo naiona machela yenye pazia jekundu. Pazia linatikisika — na upepo hakuna.

"Am! Jua lote hilo halikutoshi?" Baba Mkubwa anaita kutoka ndani.

Naingia. Nitasoma mpaka mwisho. Kwa sauti.