Mkono Usiokwenda Nyuma

Nyamwaga, Tarime
Jumapili, baada ya ibada

Kwa kaka yangu mpendwa Oduol,

Shikamoo kaka. Ni matumaini yangu barua hii itakukuta mzima huko Migori, wewe na wifi Susana na watoto, na kwamba miguu ya Mama imepungua kuvimba tangu aanze zile dawa. Sisi huku tunasogea kwa neema ya Mungu. Mvua imenyesha vizuri, mahindi ya bondeni yamesimama, na yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike. Jirani yetu Athanas anavuka mpaka wa Sirari kesho na amekubali kuibeba barua hii. Isome peke yako kwanza, halafu utaona Mama asomewe nini na aachiwe nini.

Uliponipigia simu uliniuliza kwa nini Otiende hakutoa tu mikono akafungwa pingu, mambo yakaisha. Nilikwambia mtandao unakatika. Haukukatika, kaka. Nilikuwa dukani katikati ya watu, na jibu lake sikuweza kulisema pale.

Unajua mdogo wetu alivyoumia kule Genkuru, jiwe lilipomwangukia begani akiwa ndani ya shimo la dhahabu. Ulimwona kwenye msiba wa Baba, lakini siku ile alikuwa amejifunika koti, labda hukutambua. Bega lilipona vibaya. Mkono wa kushoto ulikuwa unakwenda mbele, unabeba ndoo, unashika jembe, lakini nyuma hauendi kabisa. Hata shati alikuwa anavalishwa na mkewe, Adhiambo, kama mtoto.

Sasa, mwenye shimo moja kule Genkuru aliibiwa pampu ya kuvutia maji. Akataja watu aliowahi kugombana nao, na Otiende alikuwa mmoja wao. Askari wakaja hapa nyumbani mchana, watatu, pamoja na mwenyekiti wetu wa kitongoji, mzee Werema. Tulikuwa uani tunapukuchua mahindi. Mkubwa wao, mwanaume mnene mwenye sauti ya taratibu, alimweleza Otiende kwamba anatakiwa kituoni. Otiende hakubisha. Alisema twendeni, ila aingie ndani avae viatu. Akageuka kuelekea mlangoni. Nadhani hapo ndipo walipodhani anakimbia.

Walimrukia. Mkono wa kulia ukapelekwa nyuma na pingu ikafunga. Wa kushoto ukashikwa na askari kijana, akawa anauvuta kuupeleka nyuma, nao hauendi. Mkubwa akasema huyu anajifanya mgumu. Kaka, nilipiga kelele. Nilisema, "Mkono huo hauendi nyuma! Mfungeni mbele!" Nilisema hivyo mpaka sauti ikakauka. Adhiambo naye alikuwa anasema hivyo hivyo kwa Kijaluo, maana Kiswahili kilimpotea. Na Otiende uso ukiwa umebanwa ukutani alikuwa anasema, "Sikatai jamani. Sikatai." Wakaongeza nguvu, wawili sasa kwenye mkono mmoja. Ukatoa mlio kama muhogo mbichi ukivunjwa.

Hapa nitakueleza ukweli wote, kwa sababu utausikia pia kutoka kwa wengine. Otiende alijizungusha kwa maumivu, na ile pingu iliyokuwa inaning'inia mkono wa kulia ikampiga mkubwa wao juu ya jicho. Damu ikamwagika. Kuanzia hapo hapakuwa na maneno tena. Virungu vikafuata, goti likawekwa mgongoni, uso wa mdogo wetu ukiwa ndani ya mahindi tuliyokuwa tunapukuchua. Nilitaka kusogea, mzee Werema akanishika kanga akaniambia nikienda na mimi nitapakiwa. Nikasimama. Watoto wa Otiende walikuwa wananiangalia mimi, si baba yao.

Kesho yake ndipo alipotolewa mahabusu akapelekwa hospitali. Daktari alisema mfupa umevunjika pale pale palipoungana zamani, na mishipa ya fahamu imekatika. Vidole vya mkono huo havisogei. Ukivishika hajui kama ni wewe au ni ukuta.

Pampu ilipatikana baadaye Kenyamonta, kwa mtu ambaye hatumjui wala yeye hatujui sisi. Kwa hiyo shauri la wizi limekufa. Lililobaki ni la kukataa kukamatwa na kumjeruhi askari akiwa kazini, na kwa hilo yuko nje kwa dhamana. Tulikwenda kituoni kulalamika. Afisa aliyetupokea alitupa viti, akatusikiliza vizuri tu, kisha akaniuliza kama askari alijeruhiwa au hakujeruhiwa. Nikasema alijeruhiwa. Akasema basi mama, hilo ndilo tunalolichunguza. Mzee Werema nilimwomba aje aseme alichokiona. Alinijibu kwamba yeye anaishi na sisi na anaishi na wao pia, na kwamba macho yake siku hizi hayaoni vizuri. Sikumlaumu. Ana watoto wa kiume watatu.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nichukue kalamu. Alhamisi iliyopita alikuja mtu hapa amevaa shati la kawaida, akabisha hodi kwa adabu. Sikumtambua mpaka alipovua kofia. Ni yule askari kijana aliyeshika mkono. Anaitwa Method, hana asili ya huku. Nilimpa kigoda kwa sababu sikujua lingine la kufanya. Alikaa, akaniambia maneno haya, nayaandika kama yalivyo: "Dada, nilikusikia. Nilikusikia tangu mara ya kwanza, na mkononi mwangu nilikuwa nahisi kweli hauendi. Lakini tumefundishwa mkono ukishaushika huuachii mpaka pingu ifunge. Na bosi alikuwa ananiangalia."

Nilimuuliza kama atayasema hayo mbele ya hakimu. Alitikisa kichwa. Alisema akiulizwa atasema hakusikia kitu, kulikuwa na kelele nyingi. Ana mama yake anayemtegemea, na kazi aliipata kwa shida. Nikamuuliza basi amekuja kufanya nini. Alivaa kofia akaondoka, na mimi nikamsindikiza mpaka njiani kama mgeni yeyote. Mpaka leo najishangaa kwa hilo.

Niliporudi nilimkuta Otiende amesimama mlangoni. Alikuwa chumbani muda wote, ukuta ule unaujua, unapitisha hata pumzi. Nikafikiri atafurahi, kwamba angalau mmoja wao amekiri. Aliniangalia akasema, "Siku zote nimekuwa nikijiambia hawakusikia. Hilo ndilo lililokuwa linanipa usingizi. Akech, kwa nini umemkaribisha?" Akarudi ndani. Tangu siku hiyo hali chakula mpaka Adhiambo alie mbele yake, na haulizi tena habari za kesi. Siku ya kesi itakapofika nadhani atakubali kila shtaka watakalomsomea, ili wamwache.

Kaka, najua ulisema utakuja na wakili wa Migori. Sikukatazi. Ila mimi sijui tena wakili atamwambia nani kitu gani, maana wanaojua wanajua tayari. Kama utapata nafasi, njoo kwanza wewe mwenyewe ukae naye. Mimi maneno yameniishia, na kila nikimtazama naona ananisikia nikipiga kelele.

Mpe Mama salamu zangu nyingi, mwambie ndama tumempa jina lake. Wifi Susana na watoto nawakumbatia. Wa hapa wote wanawasalimu, na Otiende pia, ingawa hajasema.

Mungu awalinde mpaka tuonane.

Mdogo wako,
Akech